Kupunguza uzito: Kabla hujakimbia, shuka kwenye bodaboda

Juni mwaka jana nilikwenda Kaengesa, Sumbawanga, kwa shughuli za kifamilia. Juni ni mwezi wa baridi kali kwenye uwanda wa Ufipa. Alfajiri mtu anatoka nje amejifunga blanketi, na maji ya kunawa uso yanauma kama yametoka kwenye jokofu. Asubuhi ya pili nilimkuta shemeji yangu, mke wa kaka, amekaa jikoni, mguu wa kulia juu ya kigoda, goti limevimba, amelifunga kitambaa.

"Umeanguka, shemeji?" nikamuuliza.

"Sijaanguka. Nimekimbia."

Shemeji ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka 46, na wakati ule alikuwa na kilo 90. Mwezi mmoja kabla alipimwa, presha ikakutwa iko juu na sukari imefika mpakani. Akaambiwa apunguze uzito. Apunguzeje, hakuelezwa. Mama yake mzazi alifariki kwa kiharusi, kwa hiyo maneno yale hakuyachukulia kimzaha. Mwanawe anayesoma mjini akamtumia video za watu wanaokimbia na kumwambia, "Mama, kutembea ni kupoteza muda. Kimbia." Akanunua raba mnadani, akawa anaamka saa kumi na moja alfajiri watu wasimwone, anakimbia. Siku ya tano goti likagoma.

"Sasa shemeji," akaniuliza, "kukimbia nimeshindwa, na kutembea naambiwa hakusaidii. Nikae tu nisubiri yaliyompata mama?"

Swali hilo nalisikia kila mahali, mjini na vijijini. Leo nataka kulijibu wazi, na jibu langu halitawafurahisha sana vijana wa klabu za jogging. Kwa mtu mzito anayeanza, kutembea ndiyo dawa yake ya kwanza, si mbadala wa wavivu. Na kwa wengi wetu, matembezi hayo yalikuwemo tayari katika siku zetu. Tumeyatoa wenyewe.

Kwa dakika, kukimbia kunashinda

Tuanze na ukweli ambao watetezi wa kutembea hawapendi kuusema. Ukipima kwa saa, kukimbia kunaunguza nishati nyingi zaidi, na tofauti si ndogo.

Chukua mtu wa kilo 90 kama shemeji. Akitembea nusu saa kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, anatumia takriban kilokalori 110 zaidi ya zile ambazo mwili wake ungetumia akiwa amekaa tu. Akikimbia polepole, kilomita 8 kwa saa, kwa nusu saa ileile anatumia takriban 330. Hiyo ni mara tatu.

Wapo wanaosema kilomita ni kilomita, ukiitembea au ukiikimbia ni mamoja. Si kweli. Kilomita moja ya kutembea inamgharimu mtu huyo kama kilokalori 45, na ya kukimbia kama 80. Sababu ni kwamba anayetembea daima ana mguu mmoja chini, lakini anayekimbia anauinua mwili mzima hewani na kuupokea tena kwa kila hatua.

Utafiti nao unasema hivyohivyo. Mwaka 2013 mtafiti Paul Williams wa Marekani alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wakimbiaji zaidi ya 32,000 na watembeaji zaidi ya 15,000 kwa kipindi cha zaidi ya miaka sita. Hata kwa kiwango kilekile cha nishati iliyotumika, kukimbia kuliendana na kupungua uzito zaidi, hasa kwa wanaume na kwa wanawake wazito.

Kwa hiyo yule kijana hakumdanganya mama yake kuhusu hesabu. Alichokosea ni kudhani hesabu ya dakika ndiyo hesabu yote.

Watu wale wa utafiti walikuwa tayari wamezoea kukimbia au kutembea kwa hiari yao. Hawakuwa walimu wa miaka 46 walionunua raba jana. Na mwaka huohuo Williams alichapisha matokeo mengine kuhusu shinikizo la damu, lehemu na kisukari. Kwa nishati ileile, watembeaji walipata kinga isiyopungua ile ya wakimbiaji. Anayetembea anahitaji tu muda mrefu zaidi kufika hapo. Shemeji hakuogopa kitambi. Aliogopa kiharusi, na kwa jambo hilo miguu inayotembea inatosha.

Kwa mwaka, hesabu inageuka

Unapotembea, kila hatua mguu hugonga ardhi kwa nguvu inayozidi kidogo uzito wa mwili wako. Unapokimbia, mguu hugonga ardhi kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito huo. Kwa mtu wa kilo 90, hiyo ni sawa na kilo 180 hadi 270, mara kama elfu moja katika kila kilomita. Misuli na mishipa ya kijana aliyekulia kwenye mchakamchaka wa shule inavumilia. Ya mtu aliyekaa miaka 20 haivumilii, mpaka ifundishwe taratibu.

Sasa weka kalenda mezani. Tuseme shemeji angeweza kukimbia nusu saa, mara tatu kwa wiki. Hizo ni takriban kilokalori 1,000. Upande wa pili, shule anayofundisha iko mwendo wa dakika 40 kutoka nyumbani. Akienda na kurudi kwa miguu siku tano, ni dakika 400 kwa wiki, na kilokalori takriban 1,500. Mtembeaji amempita mkimbiaji, tena hajaamka saa kumi na moja, hajabadili nguo, na hajatenga muda wa mazoezi.

Hayo ni kabla ya kumpunguzia mkimbiaji wiki zile ambazo goti limevimba. Zoezi linalopunguza uzito ni lile utakaloendelea kulifanya mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeanza na njia ni tope. Kwa watu wazito wengi niliowahudumia katika kazi yangu, waliofika huko ni waliotembea.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na kazi za kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kutembea harakaharaka ni mazoezi ya wastani. Njia ya shule peke yake inampa shemeji zaidi ya kiwango cha juu.

Nikamuuliza, "Kwani shuleni unakwendaje?"

Akacheka. "Na bodaboda, shemeji. Kila mtu anakwenda na bodaboda."

Nani aliyetunyang'anya miguu

Simlaumu. Bodaboda imewaokoa wajawazito wengi usiku na kuwafikisha wagonjwa kwenye vituo vya afya. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga kuwekwa lami ni jambo ambalo watu wa Rukwa walilisubiri miaka mingi, na hakuna anayetaka kurudi kwenye vumbi. Ila kila kinachoturahisishia safari kinachukua kitu, na kilichochukuliwa hapa ni kilomita zetu.

Tunao ushahidi wa hapahapa nchini. Watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 200 waliohama vijijini Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Baada ya mwaka mmoja tu mjini, kazi za nguvu walizokuwa wakizifanya zilikuwa zimepungua sana, na uzito wao ulikuwa umeongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo mbili, wanaume kwa wanawake. Hawakuugua, hawakurogwa. Waliacha jembe na njia ya miguu.

Ninachokiona Kaengesa ni kwamba siku hizi huhitaji kuhama. Mji unakufuata ulipo. Mkulima anayelima kwa jembe au kutembea nyuma ya maksai kuanzia Novemba, anayepalilia Januari na kuvuna mahindi kiangazi, hahitaji kukimbia popote, na nisisikie mtu akimwambia afanye jogging. Wanaonenepa ni sisi wengine: walimu, wenye maduka, wafanyabiashara wa mahindi, wauguzi, na vijana wa bodaboda wenyewe, wanaokaa juu ya kiti kutwa nzima.

Milima ni mali

Kuna jambo moja ambalo watu wa Ufipa wanalo na watu wa Dar es Salaam hawana. Nchi yao imepanda na kushuka.

Kutembea kwa haraka kwenye mteremko mdogo wa kupanda kunaweza kukaribia kuongeza mara mbili nishati unayotumia ukilinganisha na njia tambarare. Kilima kikali, ukikipanda bila kuzubaa, kinakufikisha karibu na gharama ya kukimbia polepole. Moyo unadunda, pumzi inapanda, lakini goti halipigwi kishindo, kwa sababu mguu mmoja haujaacha ardhi. Kushuka ndiko kunakoyachosha magoti, kwa hiyo shuka polepole.

Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya uwanda huu iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mgeni kutoka pwani atahema haraka kuliko alivyozoea. Asiogope, ila asishindane na mwenyeji siku ya kwanza.

Utajuaje unatembea kwa kasi inayofaa? Tumia mdomo wako. Ukiweza kuongea na mwenzio lakini huwezi kuimba, hapo ndipo. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kujibu salamu, punguza.

Bila sufuria, miguu haitoshi

Hapa lazima niwe mkweli kwa wote wawili, mkimbiaji na mtembeaji. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko tunavyotegemea.

Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wahadzabe wanaoishi jirani na Ziwa Eyasi, watu wanaotafuta chakula chao porini, ambao wanaume hutembea takriban kilomita 11 kwa siku. Wengi walitegemea wangekutwa wanatumia nishati nyingi mno. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, jumla ya nishati yao kwa siku haikutofautiana na ile ya watu wazima wa Marekani na Ulaya. Inaelekea mwili unaofanya kazi sana hubana matumizi kwingine. Wahadzabe ni wembamba, na chakula chao ni mizizi, matunda, nyama na asali ya porini, bila kikaango wala soda.

Rukwa inalima alizeti, na mafuta yake ni mazuri. Lakini kijiko kimoja kikubwa cha mafuta yoyote ya kula kina takriban kilokalori 120. Vijiko viwili vya ziada kwenye mboga vinafuta saa nzima ya kutembea ya shemeji. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina kama 140 au zaidi. Nilikaa jikoni nikaona mafuta yanavyomiminwa kutoka kwenye dumu bila kijiko, tukahesabu pamoja. Vijiko viwili tu vilivyopunguzwa katika chakula chake kila siku vinatoa kilokalori karibu 1,700 kwa wiki, zaidi ya njia nzima ya shule.

Angalizo, tena kubwa. Huu ni mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Nyumba moja inaweza kuwa na mama aliyezidi uzito na mtoto aliyedumaa, wanakula kwenye sufuria moja. Kwa hiyo anayepunguza apunguze kwenye sahani yake: mafuta, sukari kwenye chai, na tonge la ugali la mwisho. Asipunguze chakula cha mtoto. Maharage, mayai, mboga za majani na dagaa viongezwe kwa wote.

"Mwalimu anaumwa"

Kulikuwa na kikwazo kingine, na shemeji alikisema kwa sauti ya chini. "Watu wataongea."

Anayekimbia kijijini bila msiba wala ng'ombe aliyepotea anaulizwa kulikoni. Mama mtu mzima akikimbia ndiyo kabisa. Na akianza kupungua, minong'ono inaanza: amekonda, ana kitu. Bado tuna kumbukumbu ya miaka ambayo kukonda kulikuwa habari mbaya, na bado mke mnene anahesabiwa kuwa anatunzwa vizuri. Kwa hofu hiyo watu wengi wanaubeba uzito unaowaua.

Hapo tena kutembea kunashinda. Mwalimu anayetembea kwenda kazini haulizwi kitu. Anasalimiana na watu njiani, amevaa kitenge chake, amebeba daftari zake. Hakuna anayejua kwamba yuko kwenye matibabu.

Ushauri wangu

Kwanza, pima. Chukua futi ya fundi cherehani, uizungushe kiunoni usawa wa juu kidogo ya kitovu. Mwanamke aliyezidi sentimita 80 na mwanamume aliyezidi 94 ameingia kwenye eneo la hatari. Pima na presha na sukari. Mwenye presha ya juu, kisukari, maumivu ya kifua, au mjamzito, azungumze na mtoa huduma kabla ya kuanza mazoezi makali.

Pili, tafuta safari moja ya kila siku unayoifanya kwa chombo, uirudishe miguuni. Kama ni ndefu mno, shuka katikati. Usianze na raba mpya. Anza na safari.

Tatu, baada ya wiki nane hadi kumi na mbili, kama magoti hayalalamiki na unatamani kukimbia, changanya. Tembea dakika nne, kimbia moja, rudia mara tano, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Ongeza kidogokidogo. Kijana mwenye uzito wa kawaida na magoti mazima, wewe kimbia tangu leo. Mwenye nusu saa tu kwa siku, kukimbia ndiko kutakakomlipa zaidi.

Nne, acha kujifunga nailoni au makoti mawili ili utoke jasho. Jasho ni maji, na ukinywa vikombe viwili uzito unarudi. Wala hakuna zoezi linaloyeyusha tumbo peke yake.

Tano, usipime kila asubuhi. Pima mara moja kwa wiki, na usitamani kilo kumi kwa mwezi. Mtu wa kilo 90 akipungua kilo tano hadi tisa, presha na sukari yake huanza kunufaika.

Kwa wale watakaosema natetea uvivu, naomba wafanye jambo moja: watembee dakika 80 kila siku kwa mwezi mmoja, halafu waniandikie.

Shemeji alipumzika wiki tatu mpaka uvimbe ukaisha, kisha akaanza. Siku ya kwanza kijana wa bodaboda aliyezoea kumchukua alisimama kando yake akidhani hana hela. "Mwalimu, panda tu, utanilipa mwisho wa mwezi." Nauli ilikuwa shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Shilingi 10,000 za wiki sasa zinanunua mayai.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Mzani unasoma kilo 84. Presha imeshuka, dawa anaendelea nazo mpaka daktari wake atakapoamua vinginevyo. Goti haliumi. Nikamuuliza kama ameanza kukimbia.

"Kile kilima cha karibu na shule, shemeji, nakimalizia kwa kukimbia," akasema. "Watoto wananishangilia."